Saa Nane Asubuhi

Nilipoajiriwa London niliambiwa nitakuwa mhakiki wa tafsiri. Ndivyo barua ilivyosema, na ndivyo nilivyomwambia mama yangu Unguja kwa simu, naye akawatangazia majirani. Mwezi wa pili, mtu aliyekuwa akipakia mafaili aliacha kazi, na meneja akaniomba nimshikie nafasi yake kwa wiki mbili. Niliishika miaka mitatu.

Kazi yenyewe haihitaji maelezo marefu. Kampuni yetu ilitafsiri maneno ya programu za simu na kompyuta, yale maneno madogo madogo ya kwenye vitufe na maonyo: Endelea, Rudi, Umesahau nywila yako? Watafsiri walikuwa wametapakaa duniani. Walipomaliza, mafaili yao yalitakiwa kuingia yenyewe kwenye mfumo wa mteja, na kwa wateja wengi yaliingia. Lakini tulikuwa na mteja mmoja aliyetengeneza programu ya kuwaonyesha wagonjwa dawa zao na saa za kuzinywa, na mfumo wake na wetu ilikuwa haielewani. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, ilibidi mtu akae na kuyapakia mafaili kwa mkono, lugha moja baada ya moja. Lugha zilikuwa thelathini na mbili. Unachagua lugha, unachagua faili, unabonyeza, unasubiri mstari wa kijani ujae. Mtandao ukikatika mstari ukiwa umebakisha kidogo tu, unaanza upya.

Meza yangu ilikuwa karibu na lifti, mahali ambapo hapana dirisha. Niliweza kujua hali ya hewa kwa kutazama makoti ya watu wanaotoka kwenye lifti.

Kila lugha ilikuwa na herufi zake mbili kwenye jina la faili. Kiswahili kilikuwa s na w, Kiswidi s na v. Mwezi wangu wa kwanza wa kupakia nilichanganya, nikawapa Waswidi Kiswahili na Waswahili Kiswidi. Waswidi walilalamika kabla saa moja haijaisha. Kwa upande wa Kiswahili hakuna aliyesema kitu siku nne nzima, mpaka nilipogundua mwenyewe na kurekebisha. Nilimweleza meneja huku nikicheka, lakini nilipofika nyumbani sikucheka.

Meneja alikuwa mwanamke wa makamo, si mkali, anayezungumza huku akisoma kitu kingine. Kanuni yake ilikuwa moja. "Sisi ni matarishi," alipenda kusema. "Tarishi hafungui barua." Maandishi yote ya programu ile yalikuwa yamekwishapitishwa na mteja, tena ni mambo ya dawa, kubadilisha hata nukta bila idhini kulikuwa kosa la kufukuzwa kazi. Hilo nililitia saini.

Na mimi kufukuzwa kazi hakukuwa jambo dogo. Viza yangu ilitolewa kwa jina la kampuni ile. Ningeacha kazi, au kazi ikiniacha, ningepewa muda mfupi nitafute mwajiri mwingine atakayekubali kunidhamini, la sivyo nifunge mizigo. Nilijaribu mara mbili kuomba kazi kwingine. Mahojiano yalikwenda vizuri mpaka walipouliza habari ya viza, kisha wakashukuru kwa kufika kwangu. Basi nikawa napanda treni Edmonton asubuhi, nashuka Liverpool Street, napakia, narudi. Nilikuwa na shahada ya Kiswahili na nilikuwa mwalimu miaka sita. Sasa siku nzima nilikuwa nasubiri mstari ujae.

Edmonton niliishi kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu. Alifika nchi hii akiwa msichana, pamoja na wale waliokimbia Unguja baada ya mapinduzi, na alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya nyumba za halmashauri mpaka alipostaafu. Wanawe walikuwa wameoa na kuhama. Walikuja Jumapili na watoto wao. Yeye anawasemesha Kiswahili, wao wanamjibu Kiingereza, na kila mmoja anamwelewa mwenzake.

Mwaka wa pili ndipo nilipolifungua faili la Kiswahili. Si kwa udadisi. Mstari ulikuwa unagoma kila ukifika nusu, nikataka kuona kama faili limeharibika. Macho yakaangukia sentensi hii: *Kunywa kidonge kimoja saa nane asubuhi.* Na chini yake: *Kunywa kidonge kimoja saa nane usiku.*

Nilisoma mara tatu. Hakuna saa nane asubuhi. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Mtu, au mashine, alikuwa ameona namba nane ya Kiingereza akaandika nane, wala hakuwaza kwamba nane yao ya asubuhi ni saa mbili yetu. Lakini ile ya asubuhi angalau ingemfanya mtu ashangae. Ya usiku ndiyo iliyoniogopesha, kwa sababu saa nane za usiku zipo.

Nilikwenda kwa meneja.

"Kuna kosa kwenye faili la Kiswahili."

"La herufi?"

"La saa. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Nane yenu ni mbili yetu."

Aliacha kusoma. "Na nane yenu ni ngapi?"

"Mbili yenu."

"Kwa hiyo mko nyuma saa sita?" Alitabasamu, si kwa ubaya.

"Hatuko nyuma."

"Sawa. Fungua tiketi."

Tiketi ni ombi la marekebisho unaloandika kwenye mfumo, likazunguka kutoka dawati hadi dawati. Nilieleza kwa kirefu, nikatoa mifano. Baada ya wiki tatu jibu lilirudi kwa mstari mmoja: imehakikiwa kwa kamusi, nane ni nane, tiketi imefungwa. Nilifungua nyingine. Hiyo ilifungwa siku ileile kwa kuwa inafanana na ya kwanza.

Alhamisi iliyofuata nilipakia lugha thelathini na moja, nikakiacha Kiswahili mwisho. Nilikaa nikilitazama faili. Nyuma yangu lifti ilifunguka na kufungwa. Kisha nikaanza kubadilisha, sehemu kumi na nne, *nane* ikawa *mbili*. Nikabonyeza, mstari ukajaa, alama ya kijani ikatokea. Hakuna king'ora kilicholia. Ndani ya treni nilijikuta nikitabasamu peke yangu kama niliyepata habari njema.

Wiki mbili baadaye faili jipya lilifika, na *nane* zote kumi na nne zilikuwa zimerudi.

Hapo ndipo nilipofahamu nilichojiingiza. Kila toleo jipya halikutokana na faili nililopakia mimi, bali lilichotwa kutoka ghala la tafsiri, ambako maneno ya zamani yanahifadhiwa kama yalivyopitishwa. Ufunguo wa ghala lile haukuwa wangu. Nilichoweza ni kurekebisha nakala, kila mara, milele. Siku nitakayoacha, kosa litarudi kwenye simu za watu siku hiyohiyo. Na siwezi kumwambia yeyote, maana kusema ni kukiri.

Nikaendelea. Alhamisi baada ya Alhamisi nilibadilisha sehemu kumi na nne. Baadaye zikawa kumi na saba, kwa kuwa programu ilikuwa inakua.

Siku moja mama mkubwa alirudi kutoka kliniki akiwa na simu mkononi. Muuguzi alikuwa amemwekea programu, akaichagulia Kiswahili. Alivaa miwani yake akasoma kwa sauti, kama anayesoma risala: "Kunywa kidonge kimoja saa mbili asubuhi." Akaiweka simu mezani. "Hawa wanakijua Kiswahili. Kwa kawaida mambo ya Kiswahili ya nchi hii huwezi kuyasoma, yanatia kichefuchefu."

Nilikuwa nakata vitunguu. Nilifurahi, kisha furaha ikageuka kitu kizito, kwa sababu tangu dakika ile watu waliokuwa upande wa pili wa mstari wa kijani walikuwa na uso.

Kisha ikaja harusi. Mdogo wangu, wa mwisho kwetu, aliposwa, na tarehe ikapangwa mapema ili mimi niwahi. Mimi ndiye mkubwa. Ndiye niliyemlea wakati mama alipokuwa akienda kazini; kumpamba na kumtoa ukumbini ilikuwa haki yangu. Nilichagua tarehe ya safari kwa makini, kati ya Alhamisi mbili za kupakia. Likizo ikakubaliwa, tiketi ya ndege ikakatwa, nikanunua kitambaa Tooting kwa Mhindi mmoja aliyezaliwa Mombasa ambaye alinipunguzia bei kwa kunisikia tu ninavyosema.

Siku tisa kabla ya safari, mteja alisogeza mbele toleo lake kwa wiki moja. Alhamisi ya kupakia ikaangukia siku ya harusi yenyewe.

Aliyekuwa apakie badala yangu ni mwenzangu mmoja Mpoland, mtu mwaminifu sana, anayeandika kila anachofanya kwenye kumbukumbu za mradi. Nilizunguka meza yake asubuhi nzima. Ningemwambia abadilishe *nane* kuwa *mbili*, angeuliza idhini iko wapi, au angebadilisha na kuandika kwamba mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwuliza meneja kama ninaweza kufanya kazi hiyo nikiwa Zanzibar. Alisema mfumo haufunguki nje ya Uingereza. Nikauliza kama mafaili yanaweza kuletwa mapema. Hayakuwa tayari.

"Lakini wewe nenda tu," alisema meneja. "Ni kupakia. Mtu yeyote anaweza."

Sikwenda. Nilimwambia nimeahirisha kwa sababu za kifamilia, na nilipoyasema maneno hayo nilishindwa kumtazama usoni.

Mama yangu nilimpigia kutoka kwenye ngazi za dharura, mahali pekee penye utulivu.

"Umekosa ruhusa?" aliuliza.

"Kazi imenishika, mama."

"Kazi gani isiyoweza kungoja siku nne?"

"Kuna faili."

"Faili la nani?"

Upande wa pili nilisikia wanawake wakicheka, sufuria zikigongana, mtu akiuliza iliki iko wapi.

"Faili la nani, mwanangu?"

"La ofisi."

"Haya," alisema. "Mungu akusahilishie kazi yako." Kisha akakata simu, na mama yangu si mtu wa kukata simu bila kuaga.

Siku ya harusi nilitazama vipande vya video kwenye simu, niliyoiweka chini ya ukingo wa meza, huku mistari ya kijani ikijaa. Mdogo wangu alikuwa amekaa na mikono yenye hina magotini, macho chini, na shangazi yetu ndiye aliyesimama mahali pangu. Nilikuwa kwenye lugha ya kumi na tisa. Nilipofika Kiswahili nilibadilisha sehemu zangu kumi na saba, sikukosea hata moja.

Nadhani mwili ndio uliokataa. Miezi miwili baadaye nilishikwa na homa kali, nikalala wiki nzima chumbani kwangu Edmonton bila nguvu hata ya kukaa. Jumatano nilikumbuka, nikajaribu kuvaa viatu, nikaanguka kitandani tena. Alhamisi ikapita. Mwenzangu alipakia kama alivyofundishwa.

Jumanne iliyofuata mama mkubwa aliingia na uji, simu kwapani.

"Simu yangu imeharibika," alisema. "Inaniambia ninywe dawa saa nane asubuhi. Mimi nimekunywa saa mbili, sijali. Lakini yule rafiki yangu wa Thornton Heath, yule Mpemba, naye kawekewa programu hii, nimezungumza naye sasa hivi. Siku nne hizi anatega kengele, anaamka saa nane za usiku kunywa kidonge cha presha, na usingizi haurudi. Nikamuuliza kwa nini, akaniambia daktari ndivyo alivyoandika. Jana kashikwa na kizunguzungu, karibu aanguke ngazini."

Nikaanza kulia. Akauweka uji chini, akakaa ukingoni mwa kitanda, na nikamweleza yote: ghala, tiketi, Alhamisi, harusi.

"Kwa hiyo harusi ya mdogo wako umeikosa kwa hili?"

"Ndiyo."

"Na mama yako hajui?"

"Hajui."

"Miezi minane unakaa peke yako na jambo hili, na mimi nipo chumba cha pili." Alivua miwani akaifuta kwa kanga. "Mwanangu, mimi nimekaa ofisi za nchi hii miaka thelathini. Mfanyakazi akisema kuna kosa, hiyo ni kelele. Mgonjwa akiandika barua ya malalamiko, hiyo ni hatari, na hatari wanaiogopa. Nipe kalamu."

Aliandika kwa Kiingereza chake cha kikarani, kurasa mbili, moja kwa jina lake na nyingine kwa jina la rafiki yake, akampigia na kumsomea mpaka akaridhia. Kesho yake alizipeleka kliniki kwa mkono wake na kudai stakabadhi. Rafiki yake alipimwa na daktari, akaonekana hana madhara zaidi ya kukosa usingizi.

Nilirudi kazini Ijumaa. Kosa lilikuwa limekwisharekebishwa, tena ndani ya ghala lenyewe. Ilichukua siku tatu. Nililifungua faili nikaona *saa mbili* zote zimekaa mahali pake, bila mkono wangu, na sikuhisi furaha niliyoitegemea. Niliona miezi minane ikiwa imelala pale, kitu ambacho barua ya kurasa mbili ingekimaliza.

Lakini mteja alikuwa ameuliza swali: kwa nini kosa la zamani hivi limelalamikiwa leo? Wakatafuta kwenye historia ya mfumo. Jumatatu meneja aliniita kwenye chumba cha vioo. Safari hii hakuwa anasoma kitu kingine.

"Mara kumi na sita," alisema. "Jina lako, mara kumi na sita."

"Ndiyo."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia. Nilifungua tiketi mbili."

Aligeuza karatasi zilizokuwa mbele yake. Tiketi zangu zilikuwamo. Alizitazama kwa muda. "Ulikuwa sahihi," alisema polepole, "na siwezi kuliandika hilo hapa." Nilipewa onyo la maandishi. Nililitia saini. Kazi ilibaki, viza ilibaki, meza karibu na lifti ilibaki. Nilipokuwa nasimama aliuliza, "Kuna lugha nyingine yenye saa kama yenu?"

"Sijui," nilijibu, na kweli sikujua.

Usiniulize kwa nini sikwenda kutafuta siku ileile. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na onyo mkobani. Mama yangu nilimpigia nikamweleza kila kitu, naye akasema, "Ungeniambia, ningekuelewa." Mdogo wangu alisema hana kinyongo, akabadilisha mazungumzo upesi.

Majuma kadhaa yalipita. Asubuhi moja nilitoka njia nyingine ya stesheni kwa sababu ngazi zilikuwa zinatengenezwa, nikanunua kahawa kwenye kibanda cha mwanamke mmoja Mhabeshi. Ukutani nyuma yake palikuwa na saa. Mishale ilionyesha mbili na dakika kumi, na ndivyo nilivyoisoma kichwani bila kufikiri: saa mbili na dakika kumi asubuhi. Kisha nikashtuka, kwa sababu mishale ya saa za London wakati huo huonyesha nane.

"Saa yako imesimama?" nilimuuliza.

"Haijasimama," alisema. "Ni saa ya kwetu. Nyinyi wengine ndio mliochanganyikiwa."

Nililipia kahawa nikaisahau pale kaunta.

Kesho yake nilikwenda na karatasi. Nilikuwa nimechapisha mistari miwili ya faili la Kiamhari, ileile miwili, kwa herufi nisizoweza kusoma hata moja. Alifuta mikono, akaishika karatasi mbali na macho. Alisoma kimoyomoyo, akakunja uso.

"Hapa anasema mtu anywe dawa saa nane ya asubuhi. Saa nane si asubuhi. Na hii ya pili ni katikati ya usiku." Alinitazama. "Nani kaandika huu upuuzi?"

"Mashine. Au mtu asiyejua."

"Na nani anauweka kwenye simu za watu?"

Wateja wawili walikuwa nyuma yangu wakingoja. Faili lile nilikuwa nimelipakia tangu mwezi wangu wa pili, kwa miaka mitatu, mstari ukajaa kila mara.

"Mimi," nilisema.

Hakunigombeza. Aliisoma karatasi tena, akawatengenezea kahawa wale wawili, kisha akanirudia.

"Mama yangu ana sukari. Ana hii programu, muuguzi alimwekea. Mimi nilidhani ni yeye anayesahau." Nikamweleza jinsi barua za mama mkubwa zilivyofanya kazi. Alichukua kalamu iliyokuwa karibu na mashine ya kahawa. "Niambie barua inapelekwa wapi."

Nikamwandikia nyuma ya karatasi.